Jina Lililobisha Mlango wa Nyuma

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mji mmoja wa kale wenye kuta, na kila nyumba ya mji huo ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa watu. Wa nyuma, mfupi hata mtu mzima ainame, ulikuwa wa wale waliobeba uchafu wa vyoo na majivu ya majikoni. Hao waliishi nje ya ukuta, karibu na jaa. Wenyeji hawakuwa na neno la kuwaita ila hilo, "wale". Mtu akiulizwa nani amepita uchochoroni, alijibu, "Hajapita mtu, ni wale tu."

Desturi iliwataka wabishe mara tatu kwa fimbo, waite, kisha waelekee ukutani mpaka mwenye nyumba afungue na kuondoka, ili nyuso zisikutane.

Katika mji huo aliishi mja mwema, Bi Lubaba, aliyeosha maiti wa kike. Watu walimheshimu kwa ajili ya ulimi wake. Aibu aliyoiona juu ya kitanda cha kuoshea haikutoka kinywani mwake, na alilolisema halikutiliwa shaka.

Siku moja mwanamke aliyeuhudumia mlango wake kwa miaka ishirini alikutwa amefariki uchochoroni, kapu lake kando yake. Jua lilikuwa kali, na kadhi wa mji, Sheikh Nuumani, akaamuru azikwe upesi bila kuwangoja wenzake. Bi Lubaba akamwosha, akamvika sanda aliyokuwa amejiwekea mwenyewe. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Kabla jeneza halijainuliwa, Sheikh akauliza, "Anaitwa nani? Nitamsomea talkini kaburini, na talkini huanza kwa kumwita maiti jina lake na la mama yake."

Jirani mmoja, Hudhaifa, akasema, "Sema 'ewe mmoja wa wale'. Atajua ni yeye." Wengine wakacheka chinichini.

Sheikh hakucheka. Akamgeukia Bi Lubaba. "Asiyejulikana mama yake huitwa kwa Hawa, maana sote ni wa Hawa. Lakini jina lake mwenyewe sina budi kulijua."

Bi Lubaba akaona haya kukiri kwamba kwa miaka ishirini hakuwahi kuuliza. Akasema, "Anaitwa Jamila."

Akazikwa kwa jina hilo.

Kesho yake, adhana ya adhuhuri ilipokwisha, mlango wa nyuma wa Bi Lubaba ukabishwa mara tatu. Hapakuwa na mwito, ilikuwa fimbo peke yake. Alipofungua, uchochoro ulikuwa mtupu, umenyooka, hauna kona ya kujificha. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu akasimama tayari, mkono juu ya komeo. Pigo la kwanza lilitetemesha mbao chini ya kiganja chake, na la pili pia. Akauvuta mlango wote wazi. Pigo la tatu likasikika mbele ya uso wake, juu ya mbao zisizokuwapo tena.

Siku ya nne alitoka kwa lango la jaani, ambalo hakuwa amepata kulipita. Huko alimkuta bibi mmoja, Atika, akiziba kapu kwa udongo.

"Umepotea, mama," Atika akasema. "Msikiti uko nyuma yako."

"Nimekuja kuuliza jina la marehemu mwenzenu."

Atika akaendelea kuziba. "Si alikuwa akikutajia kila siku? Sisi tukishabisha hutaja majina, ili mwenye nyumba ajue ni nani amekuja."

Hapo Bi Lubaba akaukumbuka ule mwito: "Safia! Safia!" Yeye na majirani wote walidhani ni mwito wa kazi, kwamba mwanamke yule anasema amekuja kusafisha. Hata watoto walimwiga kwa dhihaka.

"Kumbe Safia ndilo jina," akasema polepole.

"Safia binti Mastura. Naye Mastura aliubeba uchafu wa mlango huohuo, enzi za mama yako."

Bi Lubaba alirudi akijua linalomngoja. Mwosha maiti aliyesema uongo juu ya maiti hakuruhusiwa kumgusa maiti mwingine, na kazi hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake yote. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, akasimama uani mwa msikiti mbele yao.

"Sheikh, jina nililokupa nililitunga. Nilikuwa silijui, nikaona haya."

Hudhaifa akasema, "Na mama yangu ulimwosha wewe, ukatuambia uso wake uling'aa. Sasa tutajuaje?"

"Kuanzia leo hamna njia ya kujua," Bi Lubaba akajibu. Akaiweka chini kata yake ya kuoshea maiti.

Sheikh Nuumani akawaongoza wanaume mpaka makaburini, akakaa kwenye udongo, akasoma upya: "Ewe Safia binti Mastura." Aliporudi, Bi Lubaba akamsimulia habari za fimbo mlangoni, akamuuliza ni nani anayebisha.

"Simjui," akasema, "nami sitakutungia."

Kesho yake adhuhuri Bi Lubaba akakaa akisubiri. Mlango wake ulinyamaza. Kisha fimbo ikasikika mara tatu, hafifu, mlango wa nyuma wa nyumba ya pili. Baada ya kitambo Hudhaifa akaja.

"Shangazi, wa mlango wetu wa nyuma aliitwa nani? Yule aliyefariki mwaka wa njaa."

"Sijui, mwanangu," Bi Lubaba akasema, akajifunga mtandio. "Njoo nikuonyeshe njia ya jaani."

Ndugu zangu katika imani, Bi Lubaba alikuwa mwema kwa mikono yake, hata sanda yake aliitoa, na bado alikuwa na deni la masikio. Mola wetu anawajua waja wake mmoja mmoja. Basi na tujiulize ni nani anayetaja jina lake mlangoni petu kila siku, nasi tukasikia kazi tu.