Nyani na Sauti Iliyotoroka Kitabuni

Nikirusha?
— Tunadaka!
Neno likiwa tamu?
— Tunameza!
Likiwa chungu?
— Tunameza hivyo hivyo!

Basi dakeni.

Kwenye majabali fulani aliishi Bi Pimbi na mumewe na watoto wao wanne. Walikuwa na kitabu kimoja tu, Bwana Pimbi alikiokota mahali wasafiri walipopiga kambi. Hakina jalada, pembe zimeliwa na mchwa. Kila alasiri, jua likilegea, Bwana Pimbi aliwapakata wadogo akawasomea habari za konokono aliyealikwa harusini.

"Konokono akaenda, akaenda, akaenda. Harusi mbali, mguu mmoja!"

Na watoto wote: "Akaenda!"

Ukaja ukame. Bwana Pimbi akavuka bonde kutafuta majani mabichi. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Hakurudi.

Bi Pimbi akakishika kitabu akawa anasoma yeye. Kila ukurasa aliunusa kwanza, maana ulikuwa na harufu ya mumewe. Wakubwa walicheka palepale walipozoea kucheka. Mashavu, kitinda mimba, alisikiliza tu. Tangu baba aondoke hakuwa amesema neno.

Sasa, Nyani mwenye kifua kama pipa na tumbo lisilojua kushiba akasikia vile vicheko. Huyoo, pu! pu! pu!

"Bi Pimbi, mnakula nini kitamu hivyo?"

"Hatuli, mzee wangu. Tunasoma kitabu."

"Basi ni changu." Nyaku! Akakipokonya palepale mlangoni pa pango, akaenda zake.

Akaketi juu ya mwamba. "Kitabu, sema!" Kimya. Akakigeuza juu chini. "Sema!" Kimya. Akakilamba. Kimya. Akakizaba kofi, pa! Kimya vilevile.

Kwa Bi Pimbi nako kimya. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu Bi Pimbi alikuwa ameketi mlangoni pa pango, macho ng'ambo ya bonde, ndipo aliposikia kisauti nyuma yake.

"Konokono akaenda, akaenda, akaenda..."

Ni Mashavu! Ukurasa baada ya ukurasa, bila kitabu. Alipumzika pale baba yake alipopumzika, akakohoa pale baba yake alipokohoa. Bi Pimbi akajikunja akalia. Hakujua ni furaha, au ni hamu ya yule aliyevuka bonde.

Pu! pu! pu! Nyani huyo.

"Sauti hiyo ya nani?"

Bi Pimbi akafuta machozi upesi. "Ya kitabu, mzee wangu. Imekutoroka, imerudi kwao. Ulikipiga, sivyo?"

Nyani akajikuna. "Kidogo tu."

"Ndiyo hivyo. Umebaki na makaratasi matupu."

"Nipe sauti yangu!"

"Ingia uichukue."

Nyani akaingiza mkono kwenye ufa ulio mlango wa pango, ukakwama begani. Akaingiza kichwa, kikagoma masikioni.

"Bwana wee, sasa nifanyeje?"

"Sauti haina mkia wa kuvutwa. Ukitaka isikimbie tena, iletee makaratasi yake ilalie. Wewe kaa hapo nje uipokee kwa masikio."

"Chukueni makaratasi yenu!" Nyani akakitupa kitabu ndani, pwata! "Wajinga nyinyi, mimi nimebaki na sauti!"

Tangu hapo kila alasiri Nyani alikuja akakaa nje, magoti kifuani. Bi Pimbi alimwonyesha Mashavu herufi kwa kidole, Mashavu akasoma.

"Amefika harusini?" Nyani aliuliza.

"Bado."

Siku moja Nyani akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sikuwahi kusomewa."

Bi Pimbi akamtazama. "Sogea karibu, basi."

Akasogea. Lakini Mashavu akazidi kupaza sauti, mpaka majabali yakaitikia.

"Mwanangu, mbona kelele?" mama akauliza. "Mzee Nyani yuko hapahapa."

"Simsomei Nyani," Mashavu akasema, macho ng'ambo ya bonde, akafungua ukurasa mwingine.

Basi, wazazi, fundisho ndilo hili: msiwasomee watoto! Mtoto akisomewa anapata maneno, na mwenye maneno hasahau mtu. Wanyamazisheni tu, mjilalie zenu mchana.

Ngano imeishia hapo. Aliyesinzia asiniulize.