Vigingi vya Bi Mwanatumu

Paukwa!

Pakawa!

Fumbeni macho, wanangu. Oneni ufuo mweupe, na vigingi vitano vya mkoko vinavyopanda kutoka majini hadi kilimani, kama nyayo za mtu anayekimbia. Mmeviona? Haya, fumbueni, niwaambie ni nani aliyevipigilia.

Hapo kale, kabla ya babu wa babu yangu, palikuwa na mkunga aliyeitwa Bi Mwanatumu. Kila mwaka membe, wale ndege weupe wa pwani, walipotaga mchangani, alitafuta kiota kilicho karibu kabisa na maji. Kando yake akapiga kigingi. Ko! Ko! Ko! Mwaka uliofuata kiota cha karibu na maji kilikuwa juu zaidi. Ko! Ko! Ko! Watu wakacheka: "Bibi anawapimia ndege viwanja!"

Mwaka wa tano membe waliziruka nyumba zote, wakataga kilimani, kwenye mawe. Bi Mwanatumu akapiga kigingi, akageuka, akatazama chini. Nyumba ya bintiye Saumu ilikuwa chini ya kigingi. Na Saumu alikuwa na kichanga cha siku ishirini na sita. Katika kijiji kile, mzazi hakukanyaga nje kabla ya arobaini.

Akakutana na Kombo, mume wa Saumu, akishuka na kikapu cha mayai ya membe.

"Unayapeleka wapi hayo, baba?"

"Nayarudisha mchangani, mama. Ndege wamepotea njia, maskini."

"Wamepotea wao, au sisi?"

Kombo akacheka kwa adabu. Akayapanga mayai mchangani, moja moja. Membe wakazunguka juu yake. Kwee! Kwee! Hakuna aliyeshuka kuyalalia.

Siku ile Bi Mwanatumu hakula. Siku ya pili hakulala. Siku ya tatu ilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu. Asubuhi akaenda ufuoni. Mayai hayapo! Na maji bado yanajaa. Shwaa! Shwaa! Akakimbia mzee yule, khanga mkononi.

"Saumu, toka!"

"Mama, si wewe uliyenifunza? Zimebaki siku kumi na mbili. Nikikanyaga nje, mtoto je?"

Kweli, Bi Mwanatumu ndiye aliyemfunza. Maji yakagonga kizingiti. Shwaa!

"Basi usikanyage," akasema. "Lala, mkumbatie mtoto. Kombo! Shika kitanda! Waite na hao wanaocheka!"

Wanaume wanne wakakiinua kitanda, Saumu juu yake, amefunikwa gubigubi. Maji magotini. Maji mapajani. Kichanga kinalia, membe wanalia. Wakapanda, wakapanda, mpaka kigingi cha tano. Pakavu! Nyuma yao kuta za udongo zikalainika, zikaanguka. Pwaa!

Kombo akawatazama membe waliokuwa wametulia juu ya mayai asiyoyafikia.

"Mama, yale niliyoyashusha…"

"Yamekwenda, baba."

Kombo akainamisha kichwa. Bi Mwanatumu akampa nyundo. "Mwakani utapiga wewe."

Saumu alimaliza arobaini yake kilimani, na kijiji kizima kikajenga jirani naye.

Ngano yangu imefika kigingi chake cha mwisho. Mila njema hubebwa na watu wake, haiachwi izame nao. Nanyi, wanangu, nawaombeni mkumbuke moja tu: ndege akihama, msimrudishe kabla hamjajua kilichomhamisha.