Sauti Iliyomwita Elieza Wakati wa Ukungu

Aliyenipa kisa hiki alinisihi nisikae nacho peke yangu. Nami nakupa wewe. Ukimaliza kukisoma mpelekee mwenzako, hasa yule ambaye siku hizi hapokei simu.

Juu kabisa katika milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu huingia hadi jikoni, aliishi fundi simu mstaafu aliyeitwa Elieza Shechambo. Mkewe, Tabea, alifariki masika yalipoanza. Alitoka mchana kwenda kukata majani ya ng'ombe, ukungu ukafunga, akakosa njia, akaanguka kwenye genge refu la mwamba. Elieza alisimama juu ya lile genge akimwita mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeitika.

Watu walikaa naye matanga, kisha wakarudi makwao kama ilivyo ada. Akabaki na nyumba na kimya chake.

Ili apate cha kufanya, Elieza alianza kuunda simu ya upepo, ile redio ambayo mtu huitumia kupokea sauti ya mwenzake wa mbali na kumjibu bila waya wowote kati yao. Kibali cha kuitumia alikuwa nacho tangu ujanani. Vipuri alivichomoa kwenye mashine mbovu zilizojaa stoo. Alilehemu waya mmoja baada ya mwingine juu ya meza ya chakula, meza ambayo hakuwa na haja nayo tena, kwa kuwa alikuwa akila amesimama, na mara nyingi hakula.

Siku alipoiwasha, haikuwaka sawasawa. Taa yake nyekundu iliwaka, ikafifia, ikawaka tena. Ndani kitu kikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, kama kucha za mtu kwenye bati. Elieza aliinamia meza, akalia akimwita Tabea. Spika ikakoroma. Na ndani ya ule mkoromo ikatoka sauti nyembamba ya mwanamke.

"...eza... uje."

Kisha redio ikazima yenyewe.

Elieza alisimama pale pale, pasi ya kulehemu mkononi. Nje ukungu ulikuwa umeziba madirisha, mchana umekuwa mweupe kama sanda. Akaipima betri kwa mita, akakuta imejaa. Akafuata saketi yote kwa kidole, akapima kila kipuri, vyote vizima. Akaiwasha tena. Taa ikacheza, kile kitu kikagonga, na sauti ikarudi, sasa karibu zaidi.

"...eza... uje."

"Tabea," alisema. "Tabea, ni wewe?"

Redio ikazima.

Tangu hapo ikawa kila mchana, ukungu ukishapanda kutoka bondeni, Elieza huketi mbele ya redio na kuiwasha. Humwita mkewe, humlilia, humweleza jinsi nyumba ilivyo. Naye yule mwanamke humjibu kwa maneno yale yale, yamekatika mwanzoni na katikati, lakini kwa mtu aliyefiwa yalikuwa yametimia. Elieza, uje.

Ikafika mahali akaacha kabisa kuitafuta hitilafu. Alihofu kwamba akigusa hata waya mmoja, sauti itaondoka. Mchungaji alibisha hodi, hakufunguliwa. Majirani wakawa wanamkamulia ng'ombe na kuacha maziwa kizingitini, na maziwa yakaganda pale pale. Waliopita karibu na dirisha walisikia kugonga kule na mtu akilia, wakaharakisha mwendo. Wengine walianza kuzunguka njia ya mbali.

Mchana mmoja Elieza alioga, akanyoa ndevu, akavaa koti lake la harusi. Akafunga kamba za viatu, akafungua mlango aelekee gengeni.

Mlangoni alikutana na Rode, mdogo wake Tabea, mkunga wa kijiji cha chini, amebeba kapu la viazi. Rode alilitazama lile koti. Akavitazama viatu. Hakupiga kelele. Aliweka kapu chini, akamwuliza anakwenda wapi.

"Naitwa, shemeji," alisema Elieza.

Rode akauliza anaitwa na nani. Elieza alimshika mkono, akamwingiza ndani, akaiwasha redio.

Taa ikacheza. Ta-ta-ta-ta. Sauti ikatoka.

Baadaye Rode alikiri kwamba nywele zilimsimama, na kwamba kwa muda ule hata yeye aliamini ni dada yake. Aliisikia ile hali ya mtu anayeita akiwa amechoka kuita. Alitamani kukimbia. Lakini alimwona Elieza akigeukia mlango, akajua akikimbia yeye, huyu hatarudi.

"Shemeji," alisema, "kabla hujaondoka, itengeneze."

"Nikiitengeneza ataondoka."

"Kama ni dada yangu, nami nina haki ya kumsikia vizuri. Nimemzika bila kuagana naye, kama wewe. Itengeneze nimsikie neno zima, halafu sitakuzuia."

Elieza alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akachukua bisibisi.

Mara zote alikuwa ameipima betri redio ikiwa imezimwa. Safari hii aliishikiza mita kwenye waya unaoingia redioni, akamwomba Rode abonyeze swichi. Redio ilipoanza kuvuta umeme, mshale wa mita ukaporomoka, ukapanda, ukaporomoka tena, sambamba na kule kugonga. Betri ilikuwa nzima. Umeme ulikuwa ukipotelea njiani.

Akaufuata waya ule hadi ulipolehemiwa kwenye fremu ya chuma ya redio. Kwa nje lehemu iling'aa. Alipouvuta kidogo, ukamfuata mkononi kama jino la mtoto. Haukuwahi kushika. Alikuwa ameulehemu siku chache baada ya maziko, bila kuikwangua fremu kwanza.

Kisha akaelewa kule kugonga. Ndani ya redio hiyo kuna swichi ndogo ya sumaku inayoihamisha kutoka kupokea kwenda kurusha sauti. Kila umeme ulipoyumba, swichi ile iliruka huku na huko. Ilipoangukia kupokea, aliambulia kipande cha neno. Ilipoangukia kurusha...

Elieza akakaa chini.

"Shemeji," alisema taratibu, "siku zote hizi nilikuwa nikilia hewani. Watu walinisikia."

Alikwangua fremu mpaka ikang'aa, akalehemu upya, akangoja lehemu ipoe. Rode akabonyeza swichi. Taa nyekundu iliwaka, ikatulia. Hakuna kilichogonga. Ukungu ulikuwa umejaa ukumbini, na ndani yake sauti ikatoka nzima, kana kwamba mwenyewe amesimama pembeni ya meza.

"Wewe unayelia, unanisikia? Eleza ulipo, tuje. Narudia. Eleza ulipo, tuje."

Rode alijifunika uso kwa khanga. Haikuwa sauti ya dada yake. Wala haikumwita Elieza.

Elieza alishika kipaza sauti, akasema kwamba anasikia.

Wakasikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu. Yule mwanamke akajitambulisha: Veneranda, anaishi Karagwe, upande wa pili wa nchi. Alisema wiki hizo zote yeye na wenzake wa simu za upepo wamekuwa wakisikia vipande vya mwanamume akilia na kumwita Tabea, ikifika saa sita mchana. Hawakujua ni nani wala yuko wapi. Walidhani amenaswa mahali pamoja na mkewe, redio yake inakata roho. Wakapeana zamu kumwuliza alipo. Wenzake walikuwa wamekata tamaa, amebaki yeye.

"Na Tabea?" akauliza. "Yuko hai?"

Elieza alifungua mdomo, neno likakataa. Tangu siku ya genge hakuwa amelitamka. Watu walilisema mbele yake, mchungaji alilisema kaburini, yeye kamwe.

"Tabea amefariki," alisema.

"Pole sana, baba. Na wewe? Uko salama?"

Elieza alimtazama Rode, akalitazama koti kwenye kiti.

"Hapana," alisema. "Siko salama."

Akamweleza alipo: mlima, kijiji, njia ya kupandia, nyumba ya pili kutoka kisimani. Alipomaliza, Rode alimwomba azungushe kitufe cha mawimbi hadi mahali pasipo na mtu, wasikie kama Tabea angeita. Wakaketi wote wawili wakisikiliza mvumo mtupu kwa muda mrefu. Hakuna aliyeita. Ndipo Rode akainuka, akawasha moto, akamenya viazi.

Siku zilizofuata, mume na mke wenye simu ya upepo huko Tanga, ambao Veneranda aliwaomba waende kwa niaba yake, walipanda mlima kwa miguu ukungu ukiwa umefunga. Walibisha hodi, Elieza akafungua.

Funzo: Si kila aliyepotea yuko porini, wengine wamepotea wakiwa nyumbani kwao. Usichoke kumwuliza mwenzako alipo, na ukiulizwa wewe, sema kweli.