Mstari Aliouomba Mjane

Palikuwa na mzee wa kanisa mmoja. Jina lake silitaji, maana shemeji zake wamo humu ndani. Siku moja upepo ulimwezua mjane jirani yake mabati matatu. Mjane akaenda kwa mzee, akapiga hodi.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisaidie kurudisha mabati. Ngazi ninayo, lakini mimi kupanda siwezi."

"Marahaba, mama. Lakini Biblia imesema, jisaidie nami nitakusaidia."

"Imesema wapi, mzee?"

"Mithali."

"Sura ya ngapi?"

Mzee akakohoa. Kile kikohozi mnakijua.

"Basi nitafutie mstari huo, nausubiri," mjane akasema, akavuta kigoda akakaa.

Mzee akavaa miwani. Sura ya kwanza, haumo. Ya pili, haumo. Ya tatu akakuta imeandikwa usimnyime mtu mema ikiwa mkono wako waweza kuyatenda. Akafunua upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenziwe anaoga! Akamaliza zote thelathini na moja, akaingia Mhubiri. Mkewe akapita na sufuria, akashtuka: "Baba watoto, unasoma Biblia leo Jumanne? Nani amefariki?"

Mzee akampigia simu mwinjilisti. "Mstari upo, mzee! Nimeusikia kwa mwalimu wa kwaya." Mwalimu wa kwaya akasema, "Upo kabisa! Aliusema mchungaji, Sikukuu ya Mavuno."

Akampigia mchungaji. Yaani mimi.

Mnacheka nini? Nilitafuta mpaka jasho likanitoka. Ndipo nikakumbuka nilikousoma: kwenye kanga ya mama mkwe wangu.

"Mzee," nikamwambia, "haumo."

Akajibu, "Ila wa sura ya tatu umo, mchungaji. Njoo ushike ngazi."

Nikaenda. Tulipigilia misumari mpaka adhuhuri, mjane akitusimamia kama fundi mkuu.

Wapendwa, ni maneno mangapi sisi tumemsingizia Mungu? Mzee alimwamini mwinjilisti, mwinjilisti akamwamini mwalimu, mwalimu akaniamini mimi, na katika mlolongo wote huo aliyeuliza "wapi?" ni mwanamke asiye na paa. Nani kati yetu alikuwa na imani siku ile? Mimi mwenye kola, au yeye aliyetaka kusikia Bwana mwenyewe amesema nini?

Kwa hiyo leo sianzi kuhubiri. Fungueni Biblia zenu. Nataka kusikia karatasi.

Nasubiri.

Ninyi wa kule nyuma, hamkuja nazo?