Sindano ya Atupele

Mama mwenzangu, isome hii mpaka mwisho, kisha mfikishie mwanamke unayempenda.

Atupele alikuwa mnunuzi wa maharage. Siku moja akioga, mkono wake ulikuta uvimbe kwenye titi. Hospitali wakamwambia ni lazima wachukue kinyama kidogo wakakipime.

Mama mkwe wake, Bibi Syabumi, akakataa. "Uvimbe ukichokozwa na chuma unakasirika, unatambaa mwili mzima. Uache ulale."

Atupele akaahirisha mara mbili. Mara ya tatu akaenda, na mkwe akamfuata hadi chumba cha vipimo ili amrudishe.

Nesi Ikupa hakuwafokea. Aliwasogezea viti wote wawili, akauliza, "Atupele, gunia la maharage unalijuaje kama ni zima?"

"Nalichoma kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, natoa punje chache naziangalia."

"Ukilichoma, maharage yanaoza?"

"Hapana. Yakiwa yameoza, yalioza kabla sijafika."

"Nasi tunafanya hivyo hivyo. Kwanza unachomwa ganzi, halafu sindano inatoa kipande chembamba kama uzi. Sindano haileti saratani."

"Na titi mnalikata?" mkwe akadakia.

"Hatulikati, bibi. Atavilia damu kidogo, siku chache inaisha. Na uvimbe mwingi wala si saratani, ila kwa macho tu hatuwezi kujua."

Atupele akalala kitandani. Nesi alisugua viganja vyake vikapata joto, ndipo akamgusa.

Baada ya wiki mbili walirudi wote wawili kuchukua majibu. Haikuwa saratani. Atupele akajifuta machozi, akamgeukia mkwe wake wafurahi pamoja.

Bibi Syabumi alikuwa ameinamisha kichwa, mkono kifuani.

"Mimi uvimbe wangu una miaka miwili," akasema taratibu. "Yale niliyokuwa nakwambia wewe, ndiyo nimekuwa nikijiambia mwenyewe."

Atupele angeweza kumuuliza maswali mengi. Hakuuliza hata moja. Alivua khanga yake, akamfunika mama huyo mabegani, akamwambia nesi, "Dada, leo hatuondoki. Muangalie na mama."

Bibi akamshika mkono mkwewe, wakaingia pamoja chumba cha vipimo.

Funzo: Anayekukataza kupimwa huenda anaogopa kuliko wewe. Usimcheke wala usimfuate. Mshike mkono, muende naye mapema.