Paa Lisilofuka Moshi

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe kabisa sasa hivi, maana humu ndani ya hadithi kuna mtu anayekohoa vizuri kuliko wewe.

Palikuwa na watu watatu kwenye mteremko mmoja wa migomba, chini ya mlima. Elinami alijaliwa mikono: alikuwa fundi wa kukujengea hata choo ukatamani kulala humo. Shose alijaliwa ulimi: uongo wake ulikuwa mtamu mpaka aliyedanganywa alirudi kuomba mwingine. Mkunde alijaliwa mwiko. Mtori wake, ule uji wa ndizi na nyama, ulishawahi kupatanisha mawifi.

Katikati yao aliishi Bibi Ndeshi, mjane, na ng'ombe wawili, mtamba mmoja na kikohozi. Alipikia kuni juu ya mafiga matatu, katika nyumba ya kupikia iliyokuwa nyeusi kama tumbo la chungu. Daktari alishamwambia: moshi au mapafu, chagua kimoja.

Sasa shikeni hili. Kwenye mteremko ule moshi ulikuwa salamu. Kila asubuhi mtu alitazama paa la mwenzake. Likifuka, alisema, "Bibi kaamka," akaendelea na yake. Hakuna aliyepiga hodi, moshi ulishapiga.

Elinami akachimba shimo nyuma ya zizi, akajenga mtambo wa kugeuza samadi kuwa gesi, akavuta bomba hadi jikoni. Bibi akalitazama kama mkwe asiyeoga.

"Elinami mwanangu, chakula changu kiivishwe na mavi? Nimekukosea nini?"

Akaja Shose. "Bibi, kule juu wote wanapikia gesi. Umebaki wewe na yule mlevi."

Kule juu kulikuwa na mtambo mmoja tu, tena ulikuwa umeziba. Lakini kufananishwa na mlevi si jambo dogo. "Bomba libaki," Bibi akasema, "ila siligusi."

Mkunde akaja Jumapili, Bibi akiwa kanisani. Akawasha, akapika mtori. Bibi alirudi akala mabakuli mawili, kisha akaomba mwiko aurambe.

"Umetumia kuni gani, mwanangu?"

"Za ng'ombe wako, Bibi."

Bibi akageuka kulitazama zizi. "Kumbe hawa wanyama wamenificha mengi."

Tangu siku hiyo moshi ukakoma. Kikohozi nacho kikapungua, kikabaki kile cha kumkumbusha mchungaji kwamba mahubiri yamekuwa marefu.

Kisha, Jumanne moja, Bibi aliteleza jikoni kabla hajawasha, mfupa wa paja ukavunjika. Akaita. Sauti haikuvuka migomba.

Asubuhi ile Elinami alipita na mteja, akamwonyesha lile paa. "Unaona? Hata uzi wa moshi hakuna. Hiyo ndiyo kazi yangu." Shose alitazama, akasema moyoni, gesi hiyo, akaenda zake kwenye kwaya. Mkunde yeye alisimama, sufuria mkononi. Kitu kilimgusa. "Nitapita jioni," akajiambia. Jioni ikanyesha mvua.

Ng'ombe ndio waliopiga hodi. Kesho yake, viwele vimejaa, walilia mpaka watu wakavunja mlango. Bibi alikuwa sakafuni, hai, midomo imekauka. Neno lake la kwanza lilikuwa la kuwatetea wale watatu: "Gesi haina kosa. Nilikuwa sijawasha."

Alipotoka hospitali na magongo yake aliwaita wote watatu, mtamba akiwa amefungwa kwenye nguzo.

"Mmeniponya kifua. Nina mtamba mmoja, naye hagawanyiki akiwa hai. Amchukue aliyenitoa kwenye moshi."

Shose alisema ukweli, labda kwa mara ya kwanza tangu abatizwe. "Si mimi, Bibi. Nilikudanganya. Kule juu mtambo ulikuwa mmoja."

"Najua. Nilipanda kuuangalia wiki ileile."

"Mimi nililiona paa, nikahisi kitu, na bado sikupita," Mkunde akasema, macho chini. "Huyu mnyama akilala kwangu, mimi sitalala."

Elinami aliitazama mikono yake kama aliyeazimwa. "Nilipoziba moshi, Bibi, niliziba na salamu. Mpe mmoja wa hawa."

Bibi akagonga gongo chini. "Mimi sipikii kitu ambacho sijakitolea shukrani. Jua likizama na mtamba bado yupo kwenye nguzo hii, nang'oa bomba, narudi kwenye kuni. Mimi nitakohoa, nanyi mtalala vizuri."

Jua lilikuwa limeshagusa majani ya migomba. Watatu wakaitazama kamba. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, nyie mnaocheka. Kamba aishike nani: aliyejenga, aliyedanganya, au aliyelisha? Je, wewe ungeamua vipi? Msikimbilie kujibu. Kabla hujafungua mdomo, niambie kwanza: leo asubuhi ulijuaje kwamba jirani yako ameamka?