Jiwe la Nyumba ya Bibi Eithne

Hadithi yangu iko mlangoni.
— Ifungulie.
Imelowa mvua.
— Ikokee moto.
Imebeba jiwe.
— Itue.

Basi sogeeni. Na wewe uliye nyuma, sogea, sipendi kurudia.

Hapo kale, kale ambayo hata kale yenyewe ilikuwa changa, palikuwa na kijiji cha nyumba tisa huko Ayalandi, kisiwa cha mbali upande wa kaskazini. Majani kila mahali, kondoo kila mahali, mvua kila mahali. Juu ya kijiji, kilima. Juu ya kilima, mawe tisa yamesimama kwa duara, kila moja refu kuliko mtu. Nani aliyasimamisha? Hakuna ajuaye. Ukimuuliza babu, anasema aliyakuta. Babu wa babu naye aliyakuta.

Nyumba tisa, mawe tisa, kila nyumba na jiwe lake. Sasa shikeni desturi yao, maana ukiikosa hii umeikosa hadithi. Siku ya kwanza ya kiangazi, ng'ombe wote hupandishwa kilimani kula majani mapya. Kabla hawajapita, mlinzi wa kilima husimama mbele ya kila jiwe akauliza: "Jiwe lenu limesimama?" Wenye nyumba huweka mkono juu ya jiwe lao na kujibu: "Limesimama." Ng'ombe wao wanapita. Nyumba isiyo na jiwe, ng'ombe wake hawapiti. Wanabaki bondeni mpaka kiangazi kingine, na bondeni majani yamekwisha.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya Bibi Eithne na mjukuu wake, Nuala. Walikuwa na ng'ombe watatu. Majani makavu ghalani yalibaki kiasi cha kukumbatia kwa mikono miwili. Ng'ombe wale wasipopanda kilimani, hawauoni mwezi unaofuata.

Na Nuala huyu alikuwa na wasiwasi. Akifunga mlango, anarudi kuusukuma. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Watu wakamcheka: "Nuala, mlango umefungika. Labda wewe ndiye hujafungika." Naye huwajibu: "Chekeni. Mimi naangalia."

Siku tatu kabla ya kiangazi, mvua ya wiki nzima ikakatika. Nuala akapanda kuangalia jiwe lao. Akahesabu mawe: manane. Akahesabu kwa kurudi nyuma: manane. Akayagusa moja moja kwa kiganja: manane. Mahali pa jiwe lao pana shimo, na shimo lina maji. Kutoka shimoni, majani yamelala na udongo umebonyea, kama kitu kizito kimeburutwa kuteremka.

Ninyi mngefanya nini? Nuala alifuata alama. Zikashuka, zikapinda, zikaishia kwenye banda jipya la ng'ombe. Mlango wa banda ulikuwa na nguzo mbili, moja ya mti, moja ya jiwe. Jiwe lilipakwa chokaa, lakini mvua ilishaosha chokaa, na chini yake ukaonekana mshipa mwekundu uliopinda kama mkia wa paka. Mshipa ule Nuala aliujua tangu utotoni.

Banda la nani? La Mzee Fergal. Na Mzee Fergal ni nani? Ndiye mlinzi wa kilima. Ndiye anayeuliza.

Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Nuala akarudi nyumbani. Bibi Eithne alikuwa anakoroga uji.

"Bibi, jiwe letu limekuwa nguzo ya banda la Mzee Fergal."

Mwiko ukasimama. "Una hakika?"

"Nimeangalia mara tatu."

"Basi una hakika kuliko mimi."

"Nikamwambie ni mwizi?"

"Atasema amelitoa mtoni. Shahidi wako nani? Shimo? Yeye ana ng'ombe kumi na wawili, mjukuu wangu. Wetu wasipopita, fungu letu la majani litaliwa na wake." Bibi akakoroga tena. "Shida ya Fergal ni kwamba hana hofu hata chembe. Na wewe unayo ya kutosha nyumba tisa."

Nuala akaenda kuusukuma mlango, akarudi. Kisha akasema: "Basi nitamgawia."

Siku hiyohiyo akabisha hodi kwa Fergal.

"Karibu, binti. Umekuja kuangalia kama mlango wangu umefungwa?" Fergal akacheka, na mkewe, Sorcha, akacheka jikoni.

"Nimekuja kuona banda, Mzee wangu. Zuri. Jiwe hili umelitoa wapi?"

"Mtoni."

"Lina magamba ya kijivu upande mmoja, yale yanayoota kwenye mawe. Mto unaacha magamba?"

"Mto huu unaacha."

"Magamba huota upande wa upepo. Wewe umeyageuza yatazame ndani, waliko ng'ombe. Sijui kama ni kitu. Nauliza tu."

Akaaga. Fergal akacheka, akaingia ndani. Akatoka. Akayatazama magamba.

Kuuliza si ujinga, wenzangu. Wakati mwingine ni mtego.

Siku ya pili, hodi tena.

"Mzee Fergal, nguzo hii umeichimbia kiasi gani?"

"Magotini. Ni jiwe, si mti. Linakwenda wapi?"

"Kilimani nimeona shimo. Nikaingia ndani, likanifika kiunoni. Watu wa kale walichimba mpaka kiunoni, na juu yake hawakuweka paa. Wewe umechimba magotini, na umeweka paa. Labda walipenda tu kuchimba. Nauliza tu."

Wakati huo ng'ombe mmoja akatoka bandani. Na ng'ombe akiona jiwe lililosimama hufanya nini? Hujikuna. Akaegemeza shingo, akajikuna juu, akajikuna chini. Chokaa ikadondoka. Boriti ya paa ikalia: kiii.

"Huwa inalia?" Nuala akauliza.

"Mbao mpya hulia."

"Haya."

Akaaga. Safari hii Fergal hakucheka. Akaisukuma nguzo. Akaingia ndani, akatoka, akaisukuma. Akaingia, akatoka, akaisukuma.

"Fergal, unafanya nini hapo?" Sorcha akauliza.

"Naangalia."

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Kesho yake ni kiangazi. Usidhani Nuala alikuwa mtulivu. Asubuhi ile aliusukuma mlango wao mara saba. Lakini alikwenda. Akasimama mbele ya banda. Akaitazama boriti. Akalitazama jiwe. Akamtazama Fergal. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Hapana," akasema. "Si kitu. Kwaheri."

Akaondoka zake.

Fergal akamkimbilia njiani, miguu mitupu, matope mpaka kwenye vifundo.

"Nuala, mwanangu. Sema ulilotaka kusema."

"Sijalihakiki, Mzee wangu."

"Sema hivyohivyo."

"Nisije nikakutia wasiwasi bure."

"Bure? Sijapata usingizi siku mbili. Ng'ombe nimewatoa nje, wamelala kwenye baridi, na banda ni jipya. Mke wangu ananiambia nimerogwa. Kila nikigeuza kisogo naisikia ile boriti."

"Pole. Mimi hivyo ndivyo ninavyoishi."

"Unawezaje?"

"Kitu kikinisumbua, nakirudisha nilikokitoa. Na mtoni si mbali."

Fergal akatazama matope.

Mchana ule kijiji kizima kilitoka nje kutazama. Fergal alifunga maksai wanne, akalilaza jiwe juu ya magogo, akaanza kuvuta. Jirani mmoja akamuuliza: "Unalipeleka wapi?"

"Mtoni," akasema Fergal, huku anapanda kilima.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeuliza tangu lini mto ukahamia juu.

Akalizibua lile shimo mpaka kiunoni, kwa haraka, kabla giza halijaingia. Akalisimamisha, akashindilia udongo, akashuka bila kugeuka.

Asubuhi ya kiangazi kilima kilijaa ukungu na milio ya ng'ombe. Jiwe la kwanza, limesimama. La pili, limesimama. Mpaka la nane. Fergal akafika kwenye la tisa. Bibi Eithne akamsukuma mjukuu wake mbele: "Jibu wewe. Macho yangu siku hizi hayafiki mbali."

Nuala akaweka kiganja juu ya jiwe. Akainua macho.

Sehemu iliyokuwa udongoni miaka yote sasa iko angani, nyeusi, haina gamba hata moja. Mshipa mwekundu umezama ardhini. Kwa haraka yake, Fergal alilipindua. Jiwe limesimama kichwa chini.

"Jiwe lenu limesimama?" Fergal akauliza.

Nuala akalitazama jiwe juu mpaka chini. Akisema limepinduliwa, watu watasema si jiwe lile, au desturi imevunjika, na ng'ombe watarudi bondeni. Akinyamaza, pia watarudi. Na uongo haujui.

"Jiwe lenu limesimama?" Jasho likamtoka Fergal, maana naye alishaona.

Kichwani mwake Nuala alilipima lile swali neno kwa neno, kama mtu anayepima dawa. Wamemuuliza limesimama. Hawajamuuliza limesimamaje.

"Jiwe lenu limesimama?" Mara ya tatu, sauti ya mtu anayeomba.

"Limesimama," akasema Nuala.

Ng'ombe wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Wa tatu akasita, akaliegemea jiwe, akaanza kujikuna. Fergal akafumba macho. Nuala hakuweza hata kufumba. Ng'ombe akajikuna juu, akajikuna chini, akatosheka, akapita. Jiwe halikutikisika.

Watu walipotawanyika, Nuala akamsogelea bibi yake, akamnong'oneza sikioni.

"Bibi, limesimama kichwa chini."

Bibi Eithne akainua fimbo, akaligonga jiwe taratibu, kama mtu anayebisha kwa jirani.

"Na nani alikuambia kwamba zamani lilisimama kichwa juu?"

Nuala akaitazama ile sehemu nyeusi. Akageuka kuyatazama yale manane mengine, moja baada ya jingine, polepole, akitafuta kichwa cha kila moja, na uso ukaanza kumbadilika. Nyuma yake ng'ombe watatu walikuwa wameshainamisha vichwa, wanakula. Bibi akamshika mkono.

"Hayo si ya nyumba yetu," akasema. "Twende."

Mimi nimefika mwisho wa ulimi.
— Na sisi mwisho wa sikio.
Aliyesikia amsimulie aliyesinzia.
— Na aliyesinzia?
Aote iliyo fupi kuliko hii.